Nilivyowatimua wageni wawili kwenye transmita yangu

Kazi yenyewe ukiisikia ni ndogo. Una signali iliyobeba taarifa kwenye megahezi 400, unataka irushwe hewani popote kati ya megahezi 2400 na 2480. Anayeipandisha huko juu ni miksa. Mlango mmoja unaingiza signali yako, mlango wa pili unaingiza wimbi safi la osileta (saketi inayozalisha wimbi la masafa unayoyapanga), na mlango wa tatu yanatoka masafa mapya mawili: jumla ya yale mawili na tofauti yake. 2000 na 400 ni 2400. Tofauti, yaani 1600, ni taka, inaishia kwenye kichujio.

Namba hizo zilinipendeza mno. Karibu zote zinaishia na sifuri mbili, hata kalamu haikuhitajika. Ningejua, ningezikimbia.

Miksa niliyochagua ni ile ya diodi nne zilizofungwa duara, zikiwa na transfoma mbili pembeni. Ipo pia saketi ya transista aliyoichapisha Barrie Gilbert mwaka 1968, ambayo imejaa ndani ya chipu za redio mpaka leo na ina raha ya kukuza signali badala ya kuila. Hii ya diodi inakula kama desibeli 7 (desibeli ni kipimo cha uwiano wa nguvu), tena inadai osileta ya nguvu, dBm 7 hivi, yaani desibeli 7 juu ya miliwati 1, ambayo ni miliwati 5. Ila haivuruguki upesi signali ikiwa kubwa, na kwenye transmita uchafu unaotoka nje ndio unaokugombanisha na majirani. Desibeli 7 nikasema nitazifidia mbele kwa amplifaya.

Siku ya kwanza niliweka osileta kwenye 2010. Skrini ya kichanganuzi cha masafa, chombo kinachochora kila masafa kama mstari, ikanionyesha mstari mzuri kwenye 2410, mrefu, mwembamba. Kushoto kwake kwenye 2400 na kulia kwenye 2420 kulikuwa na vijistari viwili, wageni ambao sikuwaalika, karibu desibeli 50 chini, vimesimama kama walinzi wa bwana harusi.

Osileta yangu inafuata mapigo ya kioo cha kwatzi cha megahezi 10. Uchafu uko megahezi 10 kila upande. Nani asingeituhumu osileta? Siku mbili nzima niliongeza kapasita kwenye njia ya umeme wake, nikabadilisha kichujio cha kitanzi chake cha kudhibiti masafa, nikafupisha nyaya. Vijistari havikupungua hata nusu desibeli.

Siku ya tatu, tena bila kukusudia, nikasogeza osileta hadi 2011. Mstari wangu ukaenda 2411 kama ilivyopaswa. Wa kushoto haukutikisika: 2400 ileile. Wa kulia ukaruka hadi 2422. Hapo nikakaa chini. Kama ni kwatzi inayovuja, wote wawili wangeandamana na bwana wao, umbali uleule wa megahezi 10. Mmoja kugoma na mwingine kwenda hatua mbili maana yake si ndugu kabisa.

Ni kwamba miksa hairidhiki na jumla na tofauti. Diodi zinazaa pia hamoniki za kila kinachoingia, yaani masafa yake mara mbili, mara tatu na kuendelea, kisha zinachanganya hizo nazo. Asiyetembea hana osileta ndani yake: ni hamoniki ya 6 ya signali, na 6 mara 400 ni 2400. Anayekwenda hatua mbili ana osileta mara mbili: 4020 ukitoa mara nne ya 400, yaani 1600, unabaki na 2420. Ili nijiridhishe, nikapunguza signali desibeli 1 tu. Mstari mkuu ukashuka 1, wa kulia ukashuka kama 4, wa kushoto kama 6. Hakuna ushahidi mtamu kama huo: kila mmoja alishuka kwa idadi ya mara alizoizidisha signali.

Wageni hao wako ndani ya bendi yangu mwenyewe, kwa hiyo kichujio hakiwezi kuwakamata. Dawa ni kubadili hesabu. Nilijaribu namba nyingi kwenye karatasi mpaka nikafika 374 badala ya 400 ya signali. Osileta sasa inatembea kati ya 2026 na 2106. Hamoniki ya 6 ikaangukia 2244, na yule wa hatua mbili akaanzia 2556 kwenda juu. Nilikagua michanganyiko yote hadi daraja la saba (mara za osileta na za signali zikijumlishwa), hakuna hata mmoja uliobaki kati ya 2400 na 2480 zaidi ya ule ninaoutaka. Vilevile nilikuwa naisukuma miksa kwa dBm 0, jambo ambalo sasa naliona ni ulafi. Nikaishusha hadi −10.

Kushusha huko kuna gharama yake. Osileta nayo huvuja kupitia mlango wa kutokea, kwa sababu hakuna transfoma iliyosawazika kikamilifu. Kwangu ilitoka ikiwa −25 dBm, wakati signali yangu inatoka −17. Tofauti ni desibeli 8 tu! Kichujio kilikuwa kiongeze 45, ziwe 53. Nikapima, nikapata 38. Nikisogeza mkono karibu na kifuniko cha bati namba inacheza, ndipo nikaelewa kwamba osileta haipiti kwenye kichujio kabisa, inakizunguka hewani ndani ya boksi. Ukuta wa bati katikati, uliolehemewa kwenye safu ya vitundu vilivyounganishwa na ardhi ya saketi, ukanipa 52.

La mwisho lilikuwa ukubwa wa signali kupanda na kushuka desibeli 2.5 nikihama kutoka chaneli hadi chaneli. Kichujio hakimezi taka, kinazirudisha. Ile 1652, yaani 2026 ukitoa 374, ilirudi kwenye miksa, ikakutana na osileta mara mbili, 4052, ikatoka 2400 na kuingiliana na signali halisi. Rezista tatu za kupunguza desibeli 3 kati ya miksa na kichujio zilimaliza ugomvi, kwa kuwa taka inazipita mara mbili, kwenda na kurudi, na signali mara moja. Mtikisiko ukabaki chini ya desibeli 1.

Zile kapasita nane nilizomwekea osileta asiye na hatia bado ziko kwenye bodi. Hazina kazi, na sijapata siku ya kuzitoa.