Siku moja maishani mwangu: msimamizi wa simu za intaneti, Ntinda

Mtaani kwetu Kawempe inajulikana kwamba natoka alfajiri na kurudi giza limeshaingia, na kwamba kazi yangu ni "kuongea na kompyuta". Kuna jirani aliyemwambia mama yangu, nami nimesimama palepale, kwamba ningesomea uuguzi ningekuwa na kazi ya kweli. Basi nawaandikia yeye na wenzake siku yangu ya jana.

Niko kwenye kituo cha simu Ntinda, hapa Kampala. Tunahudumia wateja wa sola za mkopo. Mteja analipa kidogo kidogo kwa pesa za simu, kila akilipa anatumiwa namba za kufungulia mtambo wake, na siku alizolipia zikiisha mtambo unajizima. Wateja wetu wako Uganda, Kenya, Tanzania na upande wa Kivu, Kongo. Mimi ni msimamizi wa zamu ya mchana kwenye meza ya Kiswahili, na kwa kuwa ofisi ni ndogo, mfumo mzima wa simu pia uko mikononi mwangu.

Saa 12:10 asubuhi. Boda kutoka Kalerwe kupitia Bypass hadi Ntinda. Ukichelewa nusu saa, barabara imeshajaa na nauli imepanda.

Saa 12:40. Kabla ya chai, ukaguzi. Naangalia seva iko hai, laini za kutokea nje zimejisajili, kisha napiga simu ya majaribio kila nchi: 256 ya kwetu, 254, 255, 243. Wengi hudhani nasikiliza kama simu inaita. Mimi nasikiliza kama sauti inachelewa. Shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, linashauri sauti isichukue zaidi ya milisekunde 150 kutoka mdomo wa mmoja hadi sikio la mwingine. Ikichelewa sana watu wanaanza kukatizana: kila mmoja anadhani mwenzake amenyamaza, wanaanza kusema kwa pamoja, wananyamaza kwa pamoja, na mwisho mteja anaamini kwamba nimemdharau.

Niwaeleze hapa jinsi inavyofanya kazi, maana ndipo ugumu wote ulipo. Ninapozungumza, kompyuta inaikata sauti yangu vipande vya milisekunde 20. Ni vipande 50 kila sekunde, kila kimoja kinatumwa peke yake kwenye intaneti. Vikifika kwenye mitambo ya kampuni ya simu ya nchi ile, vinaunganishwa na kuwa simu ya kawaida, na simu ya mteja inaita. Watu huniuliza kwa nini tusitumie WhatsApp ambayo haina gharama. Bibi wa Kasulu hana bando wala simu ya kupangusa. Ana kitochi, na hicho ndicho kinachotakiwa kiite. Kwenye kioo chake anaona namba ya Tanzania, ambayo tumeikodi na kuisajili kihalali, ingawa mwenye sauti yuko Ntinda.

Saa 1:00 hadi saa 4:00. Malipo yameingia, namba zimetumwa, betri haishiki chaji, mdhamini amehama, asante mama, karibu tena baba.

Kwenye saa hizo tatu nilizozipitia kwa sentensi moja, kuna kazi nyingine ndani yake. Mkenya anataka uingie moja kwa moja kwenye shida yake. Mtanzania usipoanza na "shikamoo", shida yake hata hautaisikia vizuri. Mtu wa Bukavu ni papa au mama, na anazungumza Kiswahili ambacho mwenzangu aliyesomea Mombasa hakukielewa mwezi wake wa kwanza. Mimi nimezaliwa Bombo, kwenye familia ya Wanubi, nimekua nikizungumza Kiswahili. Kampala bado wapo wanaokisikia Kiswahili na kukumbuka kambi za jeshi, ambako ndicho kilichozungumzwa, na vitisho vya zamani, na siwalaumu, wana sababu zao. Lakini Katiba ilikitaja kuwa lugha rasmi ya pili tangu marekebisho ya 2005, mwaka 2022 baraza la mawaziri likaamua kifundishwe shuleni kwa lazima, na hapa Ntinda kuna vijana wanaolipa kodi ya nyumba kwa sababu wanakijua. Nikiwa kwenye meza hii najivuna, sifichi.

Saa 4:20. Skrini yangu ikawa nyekundu kuanzia juu hadi chini. Faiba, kebo inayotuletea intaneti, imekatwa. Kuna wachimbaji wa mtaro barabara ya chini, na jembe halina macho.

Hapa Uganda hatuna bahari. Intaneti yetu nyingi inapita ardhini hadi pwani ya Afrika Mashariki, hasa Mombasa, ambako kebo za chini ya bahari kama SEACOM na TEAMS zilifika 2009, na EASSy mwaka uliofuata. Mei 2024, EASSy na SEACOM zilipokatika siku moja karibu na Afrika Kusini, wote tulijua jinsi tulivyo mbali na maji. Jana lakini chanzo kilikuwa mita chache kutoka dirishani kwangu, na matokeo yalikuwa yaleyale: watu wamekatwa katikati ya sentensi.

Nikahamishia simu zote kwenye ruta ya akiba ya 4G. Simu moja ya kawaida ya kwetu, yenye sauti safi, inatumia kilobiti 64 kwa sekunde za sauti tupu, na ukiongeza anwani zinazoandikwa kwenye kila pakiti, yaani kila kipande cha sauti, inapita 80. Zidisha kwa meza zote, kwenye 4G inayopanda na kushuka, haiwezekani. Nikabadilisha kodeki, yaani njia ya kompyuta ya kufungasha sauti, tukaenda kwenye ile ya G.729 inayobana sauti hadi kilobiti 8. Sauti inakuwa nyembamba, lakini inapita. Ubanaji huo huharibu milio ya vitufe, mteja akiambiwa "bonyeza 2" mfumo hausikii chochote, kwa hiyo nikahakikisha vitufe vinatumwa kama taarifa ya pembeni badala ya sauti. Nikazuia kompyuta zote kupakua masasisho. Nikawaomba wenzangu wazime video zao. Hayo yote huku simu zinaita.

Saa 5 kasorobo. Kinyozi wa Geita.

"Dada, nimelipa tangu jana. Nina watu watatu wamekaa hapa."

Mashine zake za kunyolea na taa zake zinatumia sola yetu. Nikaangalia, hela yake ipo, imeingia jana jioni. Namba za kufungulia zilitumwa kwa ujumbe, ujumbe haukumfikia. Nikatuma tena mara mbili, haukufika. Ikabaki njia moja, nimsomee kwa mdomo. Tarakimu 15, kwenye laini inayopoteza pakiti.

Anayetuma barua pepe hajui shida hii. Kipande cha barua pepe kikipotea, kompyuta inaomba kitumwe tena. Sauti haina nafasi hiyo, kwa sababu kipande kikichelewa wakati wake umepita, kinatupwa. Silabi ikianguka imeanguka. Na namba zetu zenyewe hazisaidii: "nane" ikipoteza mwanzo wake inasikika "nne". "Sita" na "tisa" kwenye sauti nyembamba ni ndugu. Sisi wa kazi hii tunasoma tatu tatu, mteja anarudia, na kwa nane nasema "nane, ile inayofuata saba". Ni polepole. Mtu mwenye wateja watatu vitini hataki polepole.

Akaingiza, ikakataa. Akaingiza tena bila kunisubiri, ikakataa. Nikamwomba asijaribu tena, kwa sababu makosa yakizidi mtambo wetu unajifunga kwa muda. Na kulikuwa na mwangwi, najisikia mwenyewe nikirudi. Mwangwi ninaousikia mimi mara nyingi chanzo chake kiko upande wa pili: alikuwa ameweka simu kwenye spika ya nje ili mikono iwe huru. "Kaka, naomba uzime spika, uweke simu sikioni." Akanyamaza, kisha akasema:

"Wewe si Mtanzania. Namba ya Tanzania, lafudhi ya wapi hiyo? Nyie ndio matapeli."

Akakata.

Nataka watu waelewe jambo hili. Simwoni kuwa mtu mbaya. Watu wameibiwa sana kwa simu, na aliyefundishwa na wizi hawezi kufundishwa na mimi kwa sekunde moja. Lakini inachosha, na inauma, kuitwa mwizi ukiwa umeshika haki ya mtu mkononi na huna njia ya kumpa. Nikampigia. Hakupokea. Nikampigia tena, akapokea, na nikasikia kimya. Sekunde zinahesabika kwenye skrini, simu iko wazi, upande wake hauji hata pumzi. Nikasema, "Kaka, kama unanisikia na mimi sikusikii, bonyeza 1." Taarifa ya 1 ikatokea kwenye skrini. Yuko pale, ananisikia, sauti yake tu ndiyo hainifikii.

Fundi wa simu za intaneti akiona sauti ya upande mmoja anajua pa kutazama. Ruta hii ya akiba ililetwa juzi badala ya ile iliyoungua, na ilikuja na kipengele cha SIP ALG kimewashwa. Kipengele hicho kinabadilisha anwani zilizomo ndani ya ujumbe wa simu na mara nyingi kinaziharibu, kisha sauti ya mteja inatumwa mahali ambapo hakuna mtu. Nikakizima. Ruta inajizima na kuwaka upya ukikigusa, kwa hiyo meza zote zikakatika tena, na wenzangu wakanitazama, na sikuwa na muda wa kueleza.

Mara ya tatu akapokea mtu mwingine. "Kinyozi amekasirika. Mimi ndiye ninayenyolewa." Nikamsalimia, nikamweleza taratibu: sitaki hela, sitaki namba ya siri ya mtu yeyote, tapeli huomba na mimi nataka kutoa. Nikamtajia kiasi kilicholipwa, saa kilipolipwa, na tarakimu nne za mwisho za kumbukumbu ya malipo, ili kinyozi alinganishe na ujumbe wa muamala kwenye simu yake. Nikasikia wanashauriana. Spika ikazimwa. Nikasoma tatu, wakarudia. Tatu nyingine. Kwenye nane nikasema ile inayofuata saba. Tatu za mwisho tulizirudia hadi koo likakauka, kisha nyuma ya sauti zao nikasikia mashine ya kunyolea inawaka.

Kinyozi akachukua simu. Hakushukuru. Akauliza, "Na asubuhi yangu nani atanilipa?" Ana haki. Nikaandika ombi aongezewe siku moja, nikamwambia nimeandika, akakata.

Ilikuwa saa 6 imeshapita. Simu moja. Kwenye ripoti ya mwezi itahesabiwa kama simu moja.

Mchana sikumbuki vizuri saa zake. Nilikula kikomando, chapati na maharage, mezani, chapati zimeshapoa. Faiba ilirudi wakati fulani baada ya saa 9, nikarudisha kodeki ya zamani, na sauti za watu zikawa nene tena, nikatamani kila mtu ajue tofauti hiyo imetoka wapi. Umeme ukakatika, jenereta ikachukua, hakuna mteja aliyejua.

Mwanaume mmoja wa huku kwetu akataka nimpe rekodi ya simu ya mke wake, kwa kuwa mtambo umeandikishwa kwa jina lake yeye. Nikakataa. Tunarekodi simu, tunamwambia kila mtu mwanzoni kwamba inarekodiwa, na Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 hainiruhusu kumpa mtu sauti ya mwingine. Akaniuliza mimi ni nani hata nimfundishe sheria. Nikarudia jibu lilelile kwa adabu ileile mpaka akachoka.

Jioni ni ya Kongo. Goma na Bukavu wako nyuma yetu kwa saa moja, kwa hiyo sisi tukianza kutazama mlango wao ndio wanatoka sokoni na kuwasha taa. Masikio yanawaka chini ya hedfoni, mgongo umeshakataa, na hapo ndipo foleni inapokuwa ndefu kuliko asubuhi. Mama mmoja wa Uvira alitaka tu kujua kama malipo yake yamefika, kisha akaniuliza nimekula. Nikamwambia nimekula, mama. Akasema sauti yangu haisemi hivyo.

Kijana wa zamu ya usiku alifika saa 12 na robo jioni. Nikamkabidhi: faiba imerudi lakini asiiamini, ruta ya akiba ibaki imewashwa, SIP ALG asiiguse hata akiambiwa na aliyeileta. Ujumbe mfupi wa Geita bado unakwama, kila anayelipa kutoka huko asomewe namba kwa sauti bila kusubiri alalamike. Na ombi la kinyozi limekubaliwa, siku moja. Asimpigie yeye. Atapigiwa saa 1 na nusu asubuhi kabla hajafungua duka, na nitampigia mimi, kwa lafudhi yangu hii hii.