Wanaokuja Kushona

Alhamisi, usiku

Nimerudi kutoka kituoni mikono inanuka mafuta ya cherehani, na kushona kwenyewe sijui. Kazi yangu pale ni kalamu: naandika barua, najaza fomu, nasoma karatasi ambazo watu wamezikunja mara nne na kuzifunga kwenye pindo la khanga. Ila leo mkanda wa cherehani moja ulikatika, fundi hakutokea, nikajikuta nashika tochi na chupa ya mafuta.

Tunakiita kituo, lakini ni vyumba viwili na baraza, huku Chang'ombe ya Dodoma. Mgeni akiuliza tunafanya nini, akina mama watamwonyesha vyerehani na kusema tunafundisha kushona. Si uongo. Binti kadhaa wametoka pale na sasa wanashona sare za shule na madera ya kuuza. Lakini ukikaa na sisi kidogo utagundua kuna wanafunzi ambao pindo moja linawachukua mwezi mzima, na wala hawana haraka nalo.

Uswahilini kwetu mtu akionekana anaingia ofisi ya ustawi wa jamii asubuhi, adhuhuri mawifi wanajua, jioni mume wake anaulizwa kijiweni kulikoni. Akionekana na kipande cha kitenge mkononi anakwenda kushona, nani ana habari naye? Sidhani kama walioanzisha kituo walilipanga hilo. Nadhani walitaka vyerehani tu. Lakini vyerehani ndivyo vilivyowafungulia watu mlango.

Na shida yenyewe haisemwi mtu akiwa amekaa. Inatoka akishaaga, ameshavaa kandambili: "Halafu dada, kuna kijikaratasi hapa naomba uniangalizie." Mwenzetu mmoja, muuguzi mstaafu ambaye wote tunamwita Mama, analijua hilo vizuri. Hamwachi mtu aishie mlangoni. Atamsindikiza mpaka chini ya mwarobaini, amuulize habari za watoto, asimame tu pale kana kwamba hana kazi nyingine duniani.

Kijikaratasi cha leo kilikuwa cha mjane. (Nabadilisha mambo madogo asitambulike.) Mumewe alifariki kabla ya mvua, na sasa shemeji yake amekuja na maneno kwamba kiwanja ni cha ukoo, kwa hiyo yeye na watoto wajiandae kurudi kwao Kondoa. Karatasi aliyonayo ni ya zamani, ya CDA, ile mamlaka ya ustawishaji makao makuu iliyoundwa mwaka 1973 na kuvunjwa mwaka 2017. Wenyeji wa Dodoma wanajua karatasi hizo zimezua maswali kiasi gani tangu shughuli zake zihamie halmashauri. Yeye hakujua hata kama bado ina thamani. Alikuwa ameificha chini ya godoro akidhani akiionyesha atanyang'anywa.

Mama alimuuliza swali moja: "Nani alikuwa analipia?" Akajibu ni yeye na marehemu, kwa hela ya genge. Basi.

Hatukumpa hata shilingi. Tulikaa naye tukampangia njia: apate cheti cha kifo, kiitwe kikao cha ukoo, kiandikwe muhtasari, ombi la usimamizi wa mirathi lipelekwe Mahakama ya Mwanzo. Tulipofika kwenye neno msimamizi akaanza kulia, kwa sababu shemeji ameshamwambia kwamba msimamizi atakuwa yeye na kila kitu kitakuwa chake. Hapo ndipo Mama alipopandisha sauti kidogo. Msimamizi si mrithi wa kila kitu. Anakusanya mali, analipa madeni, anagawa kwa warithi, kisha anapeleka hesabu mahakamani. Na mjane mwenyewe anaweza kuomba asimamie. "Kwani nani kakwambia wewe huwezi?" Kimya. Hakuna aliyemwambia, ila hakuna aliyewahi kumwambia kinyume chake pia.

Kesho msaidizi wa kisheria wa kata yetu atakwenda naye. Watu hawa wanatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, lakini sheria yenyewe haimfuati mtu nyumbani. Lazima aongozane na mtu.

Nalisema hili kwa hasira kidogo. Nchi hii haina upungufu wa ofisi. Kuna mwenyekiti wa mtaa, mtendaji, afisa ustawi, afisa maendeleo ya jamii, baraza la usuluhishi la ndoa ambalo kwa kawaida lazima mpitie kabla ya kufungua shauri la talaka. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mzazi amtunze mtoto wake, na akikimbia kuna pa kumshtaki. Vyote vipo. Watu wanapotelea kati ya meza moja na nyingine.

Kuna bibi mmoja wa Kigogo, ukimwamkia "Mbukwenyi" atakuuliza habari mpaka za kuku wako. Umri wake na kutokuwa na uwezo vinamstahilisha kutibiwa bila malipo, lakini kila alipokwenda aliambiwa arudi na barua, akirudi na barua anaambiwa haina muhuri, ukipatikana muhuri mhusika katoka. Siku aliyokwenda na kijana wetu aliyechomekea shati, alihudumiwa hiyo hiyo asubuhi. Wenzangu walishangilia. Mimi ilinikera. Karatasi zilikuwa zile zile, kilichoongezeka ni shati tu.

Wanaume hawaji kushona, kwa hiyo wanakuja kuchaji simu. Dereva bodaboda mmoja alichaji simu siku nyingi sana kabla hajasema kwamba mkewe ameondoka na kumwachia mtoto wa miaka miwili asiye na cheti cha kuzaliwa. Hilo lilikuwa jepesi: mtoto wa chini ya miaka mitano husajiliwa na kupewa cheti bure, alichohitaji ni kadi ya kliniki na mtu wa kumwelekeza ofisi ya kata. Sasa anakuja bila simu.

Kuna jambo moja ambalo Mama hataki kabisa liongelewe chini ya mwarobaini, nalo ni mtoto aliyeumizwa. Mtaa unapenda kuyamaliza nyumbani: wazee wanakaa, mbuzi anatajwa, mtoto anaambiwa anyamaze. Yeye anasema, "Hilo halishonwi hapa," na anaondoka nao muda ule ule kwenda Dawati la Jinsia na Watoto polisi. Ameibandika ukutani namba 116, ya bure, juu ya cherehani ya mwisho ambapo kila anayeinua kichwa ataiona. Kwa hili amepata maadui, tena wengine ni watu wa kusalimiana nao kila siku dukani.

Kilichoninyima usingizi ni kodi ya vyumba. Mfuko wa jamii wa VICOBA yetu, kikundi chetu cha kuweka akiba na kukopeshana, umepungua, maana miezi hii kabla ya mavuno kila mtu anakopa unga. Kwenye kikao cha leo likatolewa wazo kwamba kila barua tutoze shilingi elfu mbili. Wengi walitikisa kichwa kukubali. Nilikataa, na nadhani nilikataa kwa ukali kuliko ilivyohitajika. Lakini yule mjane angetoa wapi elfu mbili bila kumweleza shemeji inakwenda wapi?

Nilichopendekeza ni kwamba wale wanaoshona kwelikweli wasajiliwe kama kikundi, waombe mkopo wa halmashauri, ule wa asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambapo wanawake wana asilimia 4, vijana 4 na watu wenye ulemavu 2. Washone sare kabla shule hazijafunguliwa Januari, na sehemu ya faida ilipe kodi. Mweka hazina anasema mikopo ya kikundi huvunja urafiki. Huenda ni kweli, amewahi kuona.

Rasimu ya katiba ya kikundi nimeianza usiku huu. Kifungu cha kwanza kinasema barua na ushauri ni bure. Jumamosi watasema kifungu hicho hakihusiani na ushonaji, na tutabishana.