Wiki ya 6 tangu nifanyiwe oparesheni ya kuondoa ngozi iliyolegea mikononi
Jamani leo nimevaa blauzi ya mikono mifupi kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, nimelia. Nilipungua kilo 45 nikafurahi ila ngozi ya juu ya mikono ikabaki inaning'inia, nikiinua mkono kuanika nguo inacheza kama kitambaa kilicholowa, na ilikuwa inasuguana na mbavu mpaka natoka vipele. Jimu nimebeba vyuma mwaka mzima, wapi, ngozi ikishavutika sana hairudi, misuli inakua chini yake tu. Daktari alitaka kwanza uzito utulie miezi 6 ndo akakubali. Nikapigwa nusu kaputi, kuamka nina mirija ya kutoa majimaji na nguo ya kubana mchana na usiku. Wiki 2 za kwanza hata kuchana nywele siwezi, dada yangu ndo alikuwa ananichana, Mungu ambariki sana. Kovu linaanzia kwapani mpaka karibu na kiwiko, upande wa ndani, na asiwadanganye mtu kwamba halionekani, kufifia linaweza kuchukua mwaka au zaidi. Mimi nimelikubali. Kila jioni nalipaka jeli ya silikoni taratibu kwa kidole kimoja, sehemu zingine bado zina ganzi.