Simfoni Iliyoliwa Ukingoni

Basi la usiku kutoka Berlin lilitushusha Vienna alfajiri, miguu imevimba, na kitu cha kwanza nilicholipia katika mji ule kilikuwa choo. Chumba nilichopanga kilikuwa ghali na hakikuwa na hata birika la kuchemshia chai. Nilivumilia, maana nilifuata kitu kimoja tu: CD ya Simfoni ya Tisa, muziki wa okestra wa mtunzi Mahler, ile aliyoiongoza Bruno Walter.

Ilirekodiwa tarehe 16 Januari 1938, mbele ya watu, ukumbi wa Musikverein. Walter ndiye aliyeiongoza simfoni hiyo kwa mara ya kwanza mwaka 1912, papo hapo Vienna, mwaka mmoja baada ya Mahler kufariki. Siku hiyo ya 1938, kwenye kiti cha fidla ya kwanza alikaa Arnold Rosé, shemeji yake Mahler. Miezi miwili haikutimia, majeshi ya Hitler yakaingia Austria. Wote wawili walikuwa na asili ya Kiyahudi: Walter akawa mkimbizi, na Rosé alifia London mwaka 1946. Ndani ya rekodi unawasikia waliohudhuria wakikohoa. Wako wanaotaka vikohozi visafishwe. Mimi nakataa kabisa: wale ni watu, na kukohoa kwao ndiko kulikobaki.

Jumamosi nikaenda soko la vitu vikuukuu la Naschmarkt. Manyunyu yanaanguka, CD zimerundikwa kwenye makasha ya ndizi. Saa nzima nainama, mgongo unauma, na mara jicho likaangukia jina la Walter. Moyo ulinipiga. Mzee mwenye meza akataka yuro 12. Tukavutana hadi 8. Nilipotaka kufungua kasha, akaliwekea kiganja juu na kuonyesha mvua. Nikaona ana haki. Nikalipa.

Chumbani nikafungua. Ukingo wa CD ulikuwa umegeuka rangi ya chai ya rangi, na wekundu ule ulikuwa ukitambaa kuelekea ndani. Wakusanyaji wa rekodi za zamani tunaujua ugonjwa huo. Kuna CD zilizotoka kiwanda kimoja cha Uingereza kati ya mwaka 1988 na 1993, vanishi yake haikuhimili salfa iliyomo kwenye karatasi za majalada. Hewa ikapenya, madini yakaliwa.

Nikaiweka kwenye mashine yangu ndogo hata hivyo. Sehemu tatu za mwanzo zilipiga vizuri. Ya nne ikaanza, zile fidla zote kwa pamoja, nzito, na mimi nimekaa kitandani na koti langu bichi. CD husomwa kutoka katikati kwenda nje, na kutu ile hutoka nje kwenda katikati. Kwa hiyo inaanza kula mwisho. Na mwisho wa simfoni hii ndio wenyewe: sauti zinapungua moja baada ya nyingine mpaka hujui kama bado zinapigwa. Hapo ndipo mashine ilipoanza kukwaruza, ikaruka, ikanyamaza.

Nililia, nasema kweli. Soko lile la vikuukuu ni Jumamosi tu, na basi langu lilikuwa Jumapili.

Bibi yangu, Ng'ambo, Unguja, alikuwa na santuri ya Siti binti Saad, yenye picha ya mbwa anayesikiliza gramafoni. Kampuni ya mbwa huyo ilimrekodi Siti kule Bombay mwaka 1928, na miaka kumi baadaye ikamrekodi Walter, simfoni nzima ikagawanywa pande 20 za santuri. Ile ya bibi ilikuwa na ufa karibu na mwisho. Sindano ikifika pale inaruka, na bibi, mikono ikiwa ndani ya unga, anaumalizia wimbo kwa mdomo wake.

Usiku ule nikampigia mama simu kumuuliza maneno ya mwisho yalikuwaje. Akaimba mistari miwili, akasita. Akaanza upya, akasita palepale.