Kibali cha pembea ya gurudumu karibu na nyumba za watu: tulivyokipata Mombasa

Nilisimamia maombi ya kibali kwa niaba ya bustani ya pembea iliyopakana na mtaa wa makazi. Mwenye bustani alitaka kuongeza pembea ya gurudumu, yaani gurudumu kubwa linalopandisha abiria juu, la urefu wa mita 20, na majirani wakapeleka pingamizi kaunti. Naandika kwa ajili ya wenye bustani na kwa ajili ya majirani pia, maana hesabu ni zile zile kwa wote.

Kibali cha bustani hakibebi kila mtambo utakaoletwa baadaye. Chini ya Sheria ya Mipango ya Ardhi ya 2019, ujenzi mpya unaombewa ruhusa yake. Anayeanza bila ruhusa anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi 500,000, kufungwa hadi miezi 2, au vyote viwili. Kwa hiyo kabla ya kulipa amana ya mtambo, soma sharti la matumizi kwenye hati ya kiwanja. Likisema makazi, pembea haina pa kusimama mpaka matumizi yabadilishwe au yaongezwe. Maombi yenyewe huenda na nakala ya hati, sachi ya karibuni (taarifa rasmi ya masjala ya ardhi kuhusu mwenye kiwanja), ramani ya upimaji, risiti ya reti (kodi ya kiwanja ya kaunti) na ripoti ya mtaalamu wa mipango ya ardhi aliyesajiliwa. Usisahau NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, na kwa urefu kama huu uliza mapema mamlaka ya usafiri wa ndege kama kiwanja kiko katika njia za ndege.

Pingamizi zito halikuwa la kelele. Lilikuwa la uani. Kwa nyumba zetu za pwani, uani ndipo wanawake wanapopika, wanapofua na kukaa bila buibui, na mtu aliye juu ya gurudumu anachungulia ndani. Jambo hili lina haki yake na linapimika. Chukua jicho la abiria kwa mita 18 na ukuta wa uani wa mita 3. Gurudumu likiwa mita 20 kutoka ukutani, ukuta unaficha mita 4 za ardhi nyuma yake, lakini mtu wa mita 1.6 anafichika kwa chini ya mita 2 tu. Lisogeze mpaka mita 40: ardhi iliyofichika inakuwa mita 8, na mtu aliyesimama anafichika kwa karibu mita 3.7. Uani mwembamba umesitirika. Dari, yaani ghorofa ya juu ya nyumba, halisitiriki kwa umbali huo, kwa hivyo upande wa vibanda vya abiria unaoelekea nyumba tuliuwekea vioo vya ukungu.

Usiwaonyeshe watu michoro peke yake. Funga puto kubwa kwenye kamba ya mita 18, lirushe alfajiri kabla upepo haujaamka (kusi ikivuma puto hulala na kipimo chote kinaharibika), kisha mwombe mama mwenye nyumba asimame uani kwake. Akiliona puto, abiria naye atamwona. Hapo mazungumzo hubadilika, kwa sababu yeye ndiye anayepima.

Kelele nazo zina viwango, katika kanuni za 2009. Nje ya nyumba za makazi ni desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 50 mchana na 35 usiku, na usiku unahesabiwa kuanzia saa 2 na dakika 1. Msikiti una 40 mchana. Sauti hupungua desibeli 6 kila umbali unapoongezeka maradufu: jenereta ya desibeli 70 kwa mita 7 inabaki 58 kwa mita 28, na 52 kwa mita 56. Bado imepita kiwango cha mchana, na usiku haikaribii kabisa. Tulivuta umeme wa fezi tatu, jenereta ikabaki ya dharura ndani ya chumba cha mawe, na muziki tukauzima nyakati za swala.

Chini ya ardhi, mwamba wetu wa matumbawe una mapango. Toboa kila mahali patakapokaa mguu wa mtambo, si shimo moja katikati. Piga picha nyufa zote za kuta za majirani kabla ya kuvunja mwamba, kila picha na tarehe, na mwenye nyumba atie sahihi. Bila picha hizo, ufa wa zamani utakuwa wako.

Siku 60 zikipita bila jibu la maandishi, sheria inahesabu ruhusa imetolewa. Mimi sishauri kumwaga zege kwa kutegemea hilo palipo na pingamizi. Asiyeridhika na uamuzi, awe mwombaji au jirani, ana siku 14 za kukata rufaa kwa kamati ya kaunti inayosikiza rufaa za mipango ya ardhi, na kutoka hapo kuna Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Mliyokubaliana na majirani, yaani umbali, vioo na saa za kufunga, ombeni yaandikwe kama masharti ndani ya kibali chenyewe. Bustani ikiuzwa kesho, mnunuzi atayakuta humo.