Nilivyoamua kuhusu kujiunga na jeshi

Tangazo la UPDF, yaani jeshi la Uganda, la kuandikisha askari wapya lilipotoka, nilikuwa muuguzi mwenye stashahada katika kliniki moja ya binafsi mjini Arua, na kilichonivutia ni kwamba safari hiyo jeshi halikuwataka vijana wa kidato cha nne peke yao, bali pia watu wenye fani zao: madaktari, wauguzi, mafundi wa magari na madereva. Kazi ya uuguzi niliipenda na bado naipenda. Kilichonichosha ni mkataba wa mwaka mmoja mmoja, mshahara unaoingia tarehe isiyojulikana, na kujua kwamba nikiugua mwenyewe nitanunua dawa kwenye dirisha lile lile ninalowaelekeza wagonjwa.

Jeshini, kwa nilivyoelezwa, mshahara huingia kila mwezi, askari na familia yake hutibiwa, ipo SACCO ya Wazalendo ambako huweka akiba na kukopa, na mwisho wa utumishi kuna kiinua mgongo na pensheni. Sikuona sababu ya kuyadharau mambo hayo. Hata hivyo, nilipoyaandika yote kwenye ukurasa mmoja wa daftari na kuyasoma upya, niligundua kwamba hakuna hata moja lililohusu kuwa askari. Yote yalihusu kuajiriwa na serikali. Ndipo nikajiuliza kama ningelitaka jeshi hata baada ya hospitali ya serikali kunipa hayo yote. Swali hilo sikulijibu siku ile, wala wiki ile.

Huku kwetu West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, jeshi si jambo la kuzungumzwa kwa mkato. Wakoloni waliandikisha vijana wengi wa huku katika KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, Idi Amin naye akaendelea kuwachukua, na serikali yake ilipoanguka mwaka 1979, waliolipa ni pamoja na watu ambao hawakuwahi kushika bunduki. Babu yangu alikuwa sajini. Ukoo mzima ulivuka mpaka ukaingia Zaire, na mama yangu alianzia shule ugenini. Nilipomweleza nia yangu hakunikataza, alisema tu, "Mwanangu, sare utaivaa wewe, lakini watatuona nayo sote."

Aliyenisaidia zaidi ni baba mdogo, aliyestaafu akiwa koplo baada ya kutumikia Somalia, ambako Uganda ilipeleka askari wake wa kwanza Machi 2007 chini ya Umoja wa Afrika. Nilimkuta uani akipaka viatu rangi, ingawa siku hiyo hakuwa na safari yoyote. Aliingia ndani, akatoka na sanduku la bati, akanionyesha yaliyomo moja baada ya jingine: barua ya kupandishwa cheo, medali iliyofungwa kwenye kitambaa, na fomu za pensheni zilizogongwa mihuri juu ya mihuri mpaka maandishi mengine hayasomeki.

Nilikuwa nimejiandaa kumuuliza kuhusu hatari. Mawazo yangu yalikuwa Buulo Mareer, huko Somalia, ambako tarehe 26 Mei 2023 al-Shabaab walivamia kambi ya Waganda na, kwa kauli ya Rais Museveni, askari 54 wakauawa. Baba mdogo akanikatiza. Hatari, alisema, kila mtu anaijua kabla ya kuandikishwa. Ambacho vijana hawakiulizi ni nani atakayekuwa akiamua mambo yao.

"Utaitwa muuguzi wa jeshi," aliniambia, "lakini kwanza utakuwa kuruti kama makuruti wengine. Utapiga kwata, simu yako utaisahau, na baadaye mkubwa akisema kesho uko Karamoja au Kongo, hakuna kumwambia, 'Afande, mke wangu amejifungua jana.'"

Kuhusu posho ya misheni alinionya nisiijengee nyumba kabla haijaingia mkononi. Mwaka 2016 Umoja wa Ulaya, ambao ndio ulikuwa ukigharamia posho za askari wa Somalia, ulipunguza mchango wake kwa asilimia 20, na waliokuwa wamekopa kwa kuitegemea walibaki na deni lile lile.

Niliporudi nyumbani niliitafuta Sheria ya UPDF ya mwaka 2005. Humo kutoroka jeshini ni kosa, na anayelitenda hufikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi. Muuguzi wa hospitali akichoka huandika barua ya kuacha kazi, na wauguzi wakiona wamedhulumiwa huweza kugoma, kama tulivyokwisha kuona hapa Uganda. Askari hana mgomo huo, na haondoki mpaka aruhusiwe. Kwangu mimi hilo lilikuwa zito kuliko risasi, na najua wapo watakaoniona mwoga wa namna ya ajabu kwa kusema hivyo.

Hata hivyo nilijiandaa, kwa sababu sikutaka kukataa kitu ambacho pengine kingenikataa chenyewe. Nilichukua barua ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, nikaweka pamoja kitambulisho cha taifa, vyeti halisi na leseni yangu ya Baraza la Wauguzi na Wakunga. Alfajiri nilikimbia hadi Ediofe na kurudi, nikiwa na mwenzangu wa zamu, binti aliyekuwa na nia kama yangu na aliyenipita kila tulipofika kwenye mlima. Mtu mmoja mtaani alijitolea kutuunganisha na afisa anayemfahamu tukimpa chochote. Tulimfukuza, maana kuandikishwa ni bure na jeshi lenyewe hulitangaza hilo kila mara.

Mke wangu hakuhubiri. Aliuliza tu kwamba nikiwa mafunzoni Kaweweta na mtoto akapata malaria kali usiku, yeye atampigia simu nani. Tulitaja majina matatu, tukaafikiana juu ya moja, kwa hiyo hata hilo halikuwa kizuizi.

Kilichoamua ni lile swali la daftari. Siku chache kabla ya usaili nililijibu kwa maandishi: hapana, nikipata kazi ya serikali hospitalini, jeshi silitaki. Mwenzangu nilimuuliza swali hilo hilo tukiwa njiani, naye akajibu kabla sijalimaliza kwamba angekwenda hata kwa mshahara uleule wa kliniki. Alikwenda, akapita, na ninaamini alistahili kwenda.

Mimi nilisubiri nafasi za Tume ya Utumishi ya Wilaya. Mara ya kwanza sikuitwa. Baadaye niliajiriwa katika kituo cha afya daraja la tatu, mbali na mji, ambako mshahara si mkubwa lakini tarehe yake inajulikana. Umri wa mwisho uliotajwa katika tangazo lile la jeshi nimeshaupita, jambo ambalo nilikuwa nimelihesabu tangu mwanzo.