Jerikani nane kasoro lita moja

Katika miaka ya kusubiri mafuta, kabla uamuzi wa mwisho wa uwekezaji katika mradi wa mafuta wa Uganda haujatangazwa Kampala mnamo Februari 2022, nilikuwa nikiitwa kutafsiri mikutano ya vijiji kando ya Ziwa Albert. Mialo ya Hoima na Buliisa ina mchanganyiko wa watu: Wagungu, Wanyoro, Waalur, na wavuvi waliovuka kutoka Kongo. Wanapokutana kwenye bei ya samaki, wengi wao huelewana kwa Kiswahili, ndiyo maana wageni wa Kiingereza walihitaji mtu kama mimi.

Siku ninayoikumbuka zaidi tulikaa chini ya mkwaju, na mhandisi kijana akasoma kwenye karatasi yake kwamba bomba la kutoka Hoima hadi Tanga litaweza kupitisha mapipa 216,000 ya mafuta ghafi kwa siku. Sikuwahi kulifikisha hata neno moja kwa Kiswahili. Mzee mmoja, askari mstaafu, alikuwa ameshalidaka lile neno la Kiingereza, “barrel”, na akasimama.

“Bwana mhandisi, hiyo si mitutu ya bunduki? Mnapitisha mitutu laki mbili hapa kwetu?”

Watu waligeuka kumtazama mhandisi, na wala sikuona ajabu. Mwambao ule umeona bunduki nyingi, na mzee alikuwa ametumia ujana wake akisafisha kitu chenye jina hilo. Baadaye nilisoma kwamba majina hayo mawili yana undugu wa kweli. Waingereza walilipata neno kutoka Kifaransa cha kale, baril, chombo cha mbao za kusimama zilizobanwa kwa pete. Mizinga mikubwa ya mwanzo huko Ulaya iliundwa vivyo hivyo: pau za chuma zikipangwa kwa mviringo na kuvishwa pete za chuma. Jina likahamia kwenye mtutu na likabaki hata mitutu ilipoanza kuundwa kwa njia nyingine.

Nikamweleza mzee kwamba hapa ni mapipa. Akaketi. Ndipo mama mmoja mwenye majiko ya kukaushia samaki alipouliza swali lililobeba mkutano wote.

“Mwanangu, mapipa yapi?”

Nyuma yake yalikuwepo ya kila kazi. Kulikuwa na pipa la dizeli ya injini za mitumbwi, mapipa yaliyokatwa nusu na kutandazwa waya juu yake, sangara wakipata moshi, na mbele kidogo pipa jeusi la kuchemshia waragi, pombe kali ya kienyeji, mrija wa shaba ukitokeza kwenye mfuniko. Aliyajua yote kwa kuyanunua.

“Langu mimi linaingia jerikani kumi,” akasema. “Hilo lao linaingia ngapi?”

Mhandisi akajibu: lita 159. Mama akataka kujua kwa nini isiwe 150 au 200, na nampa sifa yule kijana, kwa sababu aliweka karatasi chini akaeleza taratibu. Mwaka 1859 kisima cha mafuta kilichimbwa Titusville, Pennsylvania, huko Marekani, na wachimbaji waliokimbilia huko wakatia mafuta kwenye pipa lolote la mbao walilolipata, hata la pombe. Kila muuzaji na kipimo chake, kila mnunuzi na malalamiko yake. Mwaka 1866 wazalishaji wakakubaliana: mnunuzi atalipia galoni 40, nao watamwongezea mbili, kwa kuwa mbao huvuja na mafuta hupotea njiani. Galoni 42 za Kimarekani ndizo hizo lita 159.

“Nyongeza,” mama akasema, na wanawake wote wakaitikia, maana hakuna anayeuza samaki mwaloni asiyejua kuongeza wawili watatu juu ya fungu.

Mhandisi akaongeza jambo ambalo hata mimi lilinishika: siku hizi mafuta ghafi hayatembei kwenye mapipa. Hupita bombani na kwenye meli, na bomba letu litapashwa moto njia nzima, kilomita 1,443, kwa sababu mafuta ya Albert yana nta na huganda yakipoa. Pipa limebaki la kuhesabia tu.

Mama hakuridhika na kitu cha kuhesabia. Vijana wakaleta pipa tupu, wakachota maji ziwani, wakamimina jerikani nane za lita 20, kisha wakatoa lita moja kwa kikombe. Mmoja akatumbukiza ufito, akauchonga alama maji yalipofika. Nafasi ya jerikani mbili ikabaki wazi juu.

Niliona mkutano ukibadilika palepale. Mapipa 216,000 yakawa jerikani zaidi ya milioni moja na laki saba kwa siku, na wanawake wanaobeba jerikani kichwani tangu utotoni walijua uzito wa hesabu hiyo kuliko yeyote kati yetu tuliosoma. Naamini hadi leo kwamba mtu akiambiwa kuna mali chini ya ardhi yake, ana haki ya kuambiwa kwa kipimo anachoweza kukinyanyua.

Mwenyekiti wa kijiji naye akauliza lake: katika jerikani hizo nane, za kwetu ngapi? Ikabidi tuufungue mrabaha, yaani fungu ambalo wachimbaji huilipa serikali kutokana na mafuta wanayoyatoa. Sheria ya fedha za umma ya 2015 inaacha asilimia 94 ya mrabaha kwa serikali kuu, na asilimia 6 inakwenda kwa serikali za mitaa za eneo la mafuta. Mhandisi akatoa mfano, mrabaha tukiuweka sehemu moja ya kumi, pipa moja linatoa karibu lita 16, na asilimia sita ya hizo haifiki hata lita moja kamili.

“Na hiyo lita,” mama akauliza, “tunagawana wilaya ngapi?”

Kuanzia hapo hakuna aliyerudi kwenye karatasi. Mhandisi alijibu maswali hadi magharibi, nami nikatafsiri kila moja.